Umefika Wapi?

Jumamosi, saa kumi, Kiusa.
Manyunyu ya Julai yanaanguka kidogokidogo
kama ya mtu anayelowesha nguo kabla ya pasi.
Mlima hatujauona tangu Jumanne.
Nasukuma cherehani ukutani, viti vienee vinne;
cha tano ni debe la rangi, nalo ni langu.
Hapa hatuulizani habari za nyumbani.
Tunaulizana: umefika wapi?

Aminieli wa duka la mbegu yuko ukurasa wa tisini
wa kitabu cha nyuki, mwezi wa tatu sasa.
Anasoma kama anavyopima maharage,
akiongeza punje, akirudisha mbili.
"Malkia bado hajafa," anatuarifu,
nasi tunashusha pumzi.

Nakiete amemaliza viwili tangu tuonane.
Husomea zamu ya usiku, Mawenzi, wodi ya wanaume,
kati ya dripu na dripu.
Akisimulia huruka mapenzi, hukaa sana kwenye magonjwa,
na mwandishi humsahihisha hadharani:
"Huyu asingekufa kwa homa ile. Wangempa maji tu."

Twalibu wa kuchaji simu husoma akiwa amesimama,
kwa hiyo hupenda vitabu vyembamba.

Ndeshifose hasomi.
Husema hivyo kila wiki, akivua kanga ya mabegani,
akisubiri gauni la kipaimara la mjukuu wake,
gauni nililolimaliza tangu Pasaka.
Anajua. Najua. Halichukui.

Mimi ninacho kile chekundu,
kile kilichotupitia wote mkono kwa mkono,
kisicho na jalada wala mwisho:
kinakatikia mia mbili na nane,
mwanamke ameshika kitasa cha mlango, na
basi. Gundi kavu. Uzi unaning'inia.

Kila mtu amekimaliza kwake.
Aminieli anaapa alifungua, mume alikuwamo, wakala.
Nakiete: alifungua, nyumba tupu, na afadhali.
Twalibu: hakufungua, alidandia lori la vitunguu.
Asiyesoma ndiye hugonga meza:
"Mlango ule ulikuwa wake!
Tangu lini mtu akapiga hodi kwake mwenyewe?"

Sasa sikiliza. Alhamisi, karibu na stendi,
nimenunua karanga za mia tano.
Nimekula hadi ile ya mwisho, ile chungu,
nikakunjua karatasi nitafute chumvi:
mia mbili na tisa.
Herufi zilezile, ile *r* iliyovunjika mguu.
Mafuta yamepenya, pande mbili zinasomeka kwa pamoja,
maneno ya mbele yamepandana na ya nyuma
kama bitana iliyoteleza chini ya sindano.

Nilirudi mbio. "Kitabu gani, dada?
Mimi karatasi nanunua kwa kilo."
Akaniinamishia kapu: mitihani ya hesabu,
magazeti, risiti za saruji.
Nilipekua hadi mikono ikawa myeusi.
Nyingine zote, mji ulishazila.

Niliisoma chini ya taa ya cherehani,
kwa mguu uliosahau kukanyaga.
Kitasa kilikuwa cha baridi, kimeandikwa hivyo.
Kuna mvua. Kuna jina ambalo hatukuwahi kulisikia.
Halafu sentensi inakatika tena, katikati ya neno.

Leo imo kwenye droo ya vifungo,
nimeikunja mara nne.
Aminieli bado anawalisha mke na mume ugali wao,
Twalibu yuko juu ya vitunguu, anapungia mkono Himo,
Nakiete amechoka, na nyumba yake tupu ina kitanda.
"Na wewe, Kandida? Umefika wapi?"

"Mia mbili na nane," nasema,
na kuuma uzi.

Ndeshifose anainua pua.
Anatazama droo, ananitazama mimi.
"Nani," anauliza, "ana karanga humu ndani?"