Gongo la Mashoto

Alikuja karakanani, Barabara ya Nane, Ngamiani,
gongo limefungwa kanga kama mtoto mwenye homa.
Akalifungua: ufa shingoni, kidole kinapita.
"Fundi Shekiondo, mgonjwa huyu anapona?"
Kiswahili chake ni cha Bombo, cha chumba cha viungo,
anakokunja magoti ya watu na kuyakunjua.

Nikalinusa. Mforosadi.
Mti ninaoujua kwa midomo ya watoto, zambarau,
kumbe hupindwa hivi, mfano wa ndoana,
upande huu bapa, upande ule mviringo.
"Nani alikosea? Randa imepita upande mmoja tu!"
Akacheka mpaka nikaona jino la kuweka.

Lake la asili alilisahau nyasini, Krefeld.
Mechi mia na kumi na nne kaichezea Ujerumani.
Nikamuuliza mabao; akakunja suruali hadi gotini,
mshono juu ya mshono, kama gunia la mkonge.
Fainali moja aliachiwa penalti ya mwisho.
Mpira uligonga mwamba: ko!
"Hadi leo, Fundi, mlango wa wodi ukijibamiza
nageuka."

Jumamosi anafundisha wasichana Chumbageni.
Goli ni milingoti miwili ya mkonge.
Mtaa ulisema: Tanga hii, waja leo waondoka leo.
Huu mwaka wa sita. Mtaa umenyamaza.
Magongo nawachongea mimi, ya mkwaju,
nayapinda kwa mvuke wa sufuria ya pilau
(mke wangu hajui; asije akasoma hapa).

Yumo Mwanakombo, wa muuza mihogo, mashoto.
Huyo nilimchongea lake peke yake,
bapa kulia, mviringo kushoto,
nikalipiga msasa siku mbili, bila kuagizwa.
Annegret akaligeuza, akaligeuza tena.
"Hairuhusiwi. Dunia nzima gongo ni la mkono wa kulia."
"Hata kwenu?"
"Hata kwetu."
Akachomoa penseli sikioni mwangu,
akaandika jina lake ubaoni. Kwa kushoto.

Nikamkumbuka bibi, na mwiko wake,
na sinia, na mkono wangu ukirudi nyuma ya mgongo.
Msumeno naushika kwa kulia, nyundo kwa kulia.
Ila usiku, mtu akibisha hodi ghafla,
komeo nalifungua kwa huu mwingine.
Sikumwambia. Aliangalia tu ninavyoshika kikombe.

"Njoo nikuonyeshe," akasema.
"Mkono wa chini ni punda, kazi yake kubeba.
Wa juu ndio unaozungusha, ndio wenye akili.
Na wa juu, Fundi, ni upi?"
Nikashika. Nikatazama.
Mzee mzima, nimesimama kwenye maranda, nacheka.

Mforosadi nimeutia gundi na uzi wa katani,
nimeukata inchi mbili, kwa ruhusa yake,
yeye akatazama barabarani nilipokuwa nakata.
Sasa ni wa Mwanakombo.
Lile la makosa limetundikwa msumarini. Haliuzwi.

Juzi nilifunga karakana mapema, nikaenda.
Mtoto aliwapita wawili, akazungusha, akapiga,
mpira ukagonga mlingoti.
Mkonge ndani ni laini, haujui kulia ko.
Ulisema pu, kama mtu anayeweka mzigo chini.
Wasichana wakabishana: limeingia, halijaingia.
Annegret hakugeuka.
Alikuwa ameshika shavu, upande wa lile jino.