Safu ya Sita

Daftari nililokabidhiwa lina safu sita:
tarehe, jina, kidato, kitabu, sahihi,
na ya mwisho, nyembamba, Maelezo.
Humo Bwana Shigela, aliyenitangulia,
aliandika kwa wino mwekundu miaka kumi na tisa
maneno yaleyale:
Kimechanika. Kimelowa. Hajarudisha.
Akanipa na ufunguo, umefungwa kwa uzi wa nyavu.
"Mwalimu Holo," akasema, "kazi ni moja. Visipungue."

Visipungue.
Nikavihesabu kama ng'ombe wa mahari,
mia nne kumi na viwili, mgongo kwa mgongo,
visafi, maana nani alikuwa amevigusa?

Kisha ziwa likapanda.
Maji yakavuka uwanja wa mpira wa Kayenze,
yakaingia maktaba bila kubisha hodi, bila kitambulisho,
yakasoma rafu yote ya chini kwa usiku mmoja.
Asubuhi tukavibeba juu ya majabali,
mimi na Kidato cha Pili, sketi tumezikunja magotini,
tukavianika kando ya dagaa wa akina mama:
fizikia hapa, dagaa pale, kamusi katikati,
na Mama Nyamizi akifukuza yangeyange kwa ufagio
hakubagua. "Hawa nao ni dagaa wenu, siyo?"

Vilipokauka vilinuka. Vinanuka hadi leo.
Lakini kila aliyeanika alitaka kujua ameanika nini,
na hapo ndipo kazi yangu ilipoharibika.

Zamani nilikuwa polisi wa kimya.
Siku hizi nikisikia kimya nainuka mezani kuuliza kuna nini.
Vishikwambi ishirini vimeletwa, tisa vinakubali chaji,
na mtandao unashika dirisha la pili tu,
lile linalotazama maji,
basi wote wamerundikana pale, viwiko mbavuni mwa wenzao,
na Kwandu ananigeukia:
"Mwalimu, humu wameandika
ukichemsha majani ya mpapai unapona kichocho. Kweli?"
Simjibu. Namuuliza: kaandika nani? Lini? Anauza nini?
Anakunja uso, anarudi dirishani.
Robo saa baadaye, sauti hadi ofisi ya mkuu:
"Anauza majani!"
Dirisha zima linacheka.

Mkaguzi alikuja na kalamu yake, akauliza vimepotea vingapi.
Kumi na saba, nikasema. Akaandika kumi na saba.
Hakuuliza vimekwenda wapi.

Kimoja mimi najua.
Hisabati, Kidato cha Kwanza, namba 208.
Alikiazima Nkwabi Lubango,
akaacha shule kwenye giza la mwezi wa nane, dagaa walipofurika,
akavuka kwenda kambi za visiwani.
Miaka mitatu, wino mwekundu: Hajarudisha.
Jumanne iliyopita mama yake amekileta
ndani ya mfuko wa unga.
Jalada limeng'oka. Magamba yameganda ukurasa wa uwiano,
na pembeni, kwa penseli, hesabu ambazo sikumfundisha mtu:
ndoo, bei, mizani ya tajiri, mizani ya kweli,
na tofauti, imepigiwa mstari mara mbili
hadi karatasi ikatoboka.
"Anaomba samahani," mama akasema.
Akatazama rafu, akatazama miguu yake.
"Tena anauliza, cha Kidato cha Pili kipo?"

Faini ni shilingi hamsini kwa siku.
Nikaanza kuzidisha, nikaacha.
Nikafungua safu ya sita. Wino mwekundu umekwisha, natumia wa bluu,
na safu ni nyembamba mno,
herufi zinamwagikia ukurasa wa pili:
Kimerudi. Kimechoka. Kilikuwa kazini.

Mstari unaofuata: Hisabati, Kidato cha Pili.
Jina, Nkwabi.
Kidato, nimeweka kistari.
Sahihi, dole gumba la mama yake.