Tembe Iliyostaafu

Kamphan alifika Chiang Mai juma la tatu la mvua,
nyuma ya gari la vitunguu saumu,
mama yake amemfunika turubai.
Usoni vipele, na kila kipele kina kitovu,
kana kwamba ngozi imejifungua usiku kucha
na kuwakata watoto wake wote.

Nilimtoa damu. Ndiyo kazi yangu:
chumba namba sita, sindano, pamba, jina kwa herufi kubwa.
Siku ya tano ukungu ukaota kwenye sahani
ukitoa wekundu, wekundu ukitambaa
kama kanga mpya iliyofuliwa pamoja na shuka nyeupe.
Ni mzuri, kuvu huyu. Sitasema uongo.
Kwenye joto la mwili huvua urembo,
hubaki chembe butu, ndogo,
na hapo ndipo huingia kazini.

Huingia wapi?
Damu ina askari walafi, humeza kila mgeni.
Humeza na kuvu. Humfungia tumboni,
humwagia siki,
naye kuvu hushukuru.
Uchachu ule ndio uliomkalisha.
Hula, huzaa, hupasua ukuta, huhamia kwa jirani.
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Hiki kimepita nguo,
kimepita ngozi,
kimelala tumboni mwa mlinzi.

Daktari Orathai wa ghorofa ya pili,
mwenye viatu vya mpira na hasira isiyo na sauti,
alileta chupa. Nikazijua tembe kabla hajafungua mdomo.
Klorokwini.
Baba alizimeza kambini mpakani, alikopasua misaji,
akizisindikiza kwa kipande cha sukari guru.
Miaka mingi zilimtii.
Kisha msimu mmoja homa ikazizoea,
ikazicheka,
na sisi tukarudi kutoka makaburini
na pakiti kumi na moja ambazo hazijafunguliwa.
Mama alizitupa mtoni, moja moja,
kama anayewarushia samaki chakula.

"Hizi?" nikauliza. "Hizi zilishindwa."
"Zilishindwa vita vile," akasema,
akaendelea kupima unga kwenye mizani.

Kwanza tulimpa kuvu akiwa peke yake, kwenye mchuzi wa sukari.
Akaogelea. Akanenepa. Hakujali.
Tukampa tena, safari hii akiwa ndani ya askari.
Saa ishirini na nne.
Nikahesabu kwa darubini, nikahesabu upya
nikidhani nimesinzia.
Wamepungua.
Nikamwita Orathai, naye akahesabu, midomo ikicheza.
Wamepungua.
Tembe haikumpiga. Haikumgusa hata ukucha.
Iliingia chumbani tu, ikaizimua siki,
kama mpangaji mpya aliyechoshwa na harufu,
na yule mzoefu, katika hewa njema,
akasinyaa.

Lakini sahani si mtu.
Niliandika hivyo daftarini, nikapiga mstari chini yake.
Kamphan alitibiwa kwa dawa nyingine, ile ya mshipani
inayotetemesha mgonjwa mpaka kitanda kinagonga ukuta,
wiki mbili, figo zikinung'unika.
Hiyo ndiyo iliyomwokoa. Sisi tulikuwa juu, tunahesabu.
Alipotoka, vipele vilikuwa vimeacha vishimo tu.
Mama yake aliniwekea mezani fungu la vitunguu,
hakusema kitu,
na chumba namba sita kilinukia jikoni hadi Ijumaa.

Siku hiyo, wenzangu walipoondoka,
nilichukua tembe moja nikaigusa kwa ncha ya ulimi.
Chungu. Ilienda mpaka nyuma ya masikio.
Basi uso aliokuwa akikunja baba
haukuwa wa mzaha wa kutuchekesha watoto.
Nilisukutua mara tatu, uchungu ukakataa kutoka.

Chupa nikairudisha kabatini.
Si rafu ya chini ilikokuwa.
Nikaipangusa vumbi kwanza.