Sufu ya Ndani

Kazi yangu ni kushika.
Vidole vitatu, taa nyeupe, meza ya bati:
hii nyembamba, hii nene, hii imebeba mchanga.
Sufu ya ndani ya mbuzi, ile anayoivaa chini ya koti lake la baridi,
hupita mbele yangu kilo baada ya kilo.
Pengine moja ni ya mama.
Magunia hayaandikwi majina.

Ulan Bator nililetwa na mbuzi.
Ada ya chuo: mbuzi kumi na wanne.
Meno ya bandia ya baba: wawili, na mtoto wa mmoja.
Pikipiki. Sola. Hata jokofu tulinunua,
sisi ambao nchi yenyewe ni jokofu miezi saba.
Asije mtu kunisimulia kwamba ufukara una mandhari nzuri.
Nimelala humo. Nayajua mandhari yake.

Ila kondoo hukata jani; mbuzi hung'oa.
Mama alilijua hilo
kabla bwana wa wizara hajaja na ramani ya rangi
akituonyesha kijani kilivyokonda.
Nilipozaliwa tulikuwa na mbuzi sitini.
Benki ikasema, ongeza.
Bei ikasema, ongeza.
Akina Namjil ng'ambo ya kilima hawakusema kitu,
waliongeza.
Tukafika mia nne na themanini
juu ya nyasi zilezile za babu,
ambazo hazikuwa zilezile.
Chovya chovya, na buyu likaonyesha kitako.
Lakini tulikuwa na njaa, jamani,
na asali ilikuwa asali.

Aprili, baada ya kuchana,
mama akapiga simu kutoka juu ya mwamba,
mahali pekee mtandao unaposhika.
Upepo ukasema kwanza, kisha yeye:
"Nimeuza mia mbili. Wa nyama. Lori lilikuja usiku."
Deni la benki je?
"Lipo. Deni halipandi lori."
Na nyasi, zimerudi?
Akacheka kwa yale meno yake machache.
"Zilichukua miaka ishirini kuondoka,
wewe wazitaka kwa wiki tatu?
Hizo ni nyasi, mwanangu, si mkopo."

Leo msimamizi, Bi Densmaa, katangaza:
sufu imepungua, zamu ya Alhamisi imefutwa.
Altantuul, mwenye mapacha, aliitazama mikono yake
kana kwamba imemkosea.
Sikumwambia
kwamba Alhamisi yake iko bondeni kwetu,
imelazwa chini ya udongo,
inangojewa iote.
Ningemwambiaje? Mapacha hawali mwakani.

Kwenye fungu la mwisho
nimekuta jani moja la nyasi,
kavu, na mzizi wake mzima.
Kanuni ni kwamba uchafu hutupwa.
Nikaliweka kwenye mizani kwanza.

Mizani ya kiwanda huanzia gramu tano.