Kilalacho Ndani ya Ini

Julai, Bondeni, Nakuru.
Baridi imeteremka kutoka Menengai,
na Risper Apondi, fundi wa sare za shule,
anatetemeka ndani ya makoti mawili.

"Umesafiri hivi karibuni?"
"Wapi? Tangu Agosti sijafika hata Salgaa."

Namchoma kidole. Tone moja.
Nalitandaza kiooni, nalinywesha rangi ya zambarau,
nangoja, nainamia hadubini,
na huyo hapo:
seli imevutika kama yai,
ukingo umechanika
kama pindo la leso lililonasa kwenye seng'enge.
Si yule jamaa wa kila siku.
Huyu ni wa kulala.

"Na kabla ya Agosti?"
"Ahero, kwa mama. Tulipalilia mpunga.
Mbu walituimbia masikioni
tukawazoea kama redio ya jirani."

Miezi kumi na mmoja, basi.
Alikuja na mate ya mbu, akapita damuni bila hodi,
akafika kwenye ini, akachagua seli moja,
akajikunja,
akazima taa.
Wenzake waliamka mapema, wakafanya fujo,
wakapigwa dawa, wakafa.
Yeye hakuzaa, hakugombana na mtu.
Dawa ilipita barabarani ikipiga honi;
yeye hakuwa barabarani.
Risper akapanda basi na mchele wake,
akakata vitambaa, akashona kola, akalipa kodi,
na yeye mle ndani, punje,
anahesabu.
Anahesabu nini? Chuoni hawakutuambia.
Sijui nani humnong'oneza: sasa.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Hawakuwa na hadubini, tuwasamehe.
Nguo utaivua, utaikung'uta, utaianika.

Halafu, bila kuulizwa,
pamba bado imebanwa kidoleni:
"Unajua nilirudi kwenye ploti ileile?
Yule aliyeuelekezea kidole mlango wetu
Januari ile
hunisalimu kila asubuhi. Huja kuazima mkasi.
Ni mtu mzuri, kusema kweli."
Anaitazama pamba.
"Mwakani tunapiga kura tena."

Mimi ni mtu wa damu. Nahesabu kinachoonekana.
Naandika jina la kimelea, naandika dawa mbili:
ya damu, ambayo ipo,
na ya ini, ambayo tunaingoja tangu Machi.
Aje Ijumaa, namwambia. Huenda itakuwa imefika.

Mimi pia nilikuwa Nakuru Januari ile.
Hakuniuliza. Sikusema.

Anatoka. Naosha kioo, naona rangi ikikimbilia shimoni,
na kabla sijamwita anayefuata
nagundua mkono wangu uko ubavuni, kulia,
chini ya mbavu,
unapapasa
kama wa mtu aliyeamka usiku
kuhakikisha mlango amefunga.