Ila

Saa tatu asubuhi, Dundee.
Ukungu wa mtoni umepanda hadi dirisha la ghorofa ya tatu,
na faili la kwanza limekwisha kuamuliwa kabla sijavua koti.

Petrie, Wilma. Miaka themanini na mitatu. Mtaa wa Lochee.
Saa za huduma kwa wiki: kumi na nne.
Pendekezo: sita.
Sababu: simu za kuomba msaada zimepungua, hali imeimarika.
Chini yake vitufe viwili, cha kijani na cha kijivu.
Cha kijani kinawaka. Cha kijivu sharti ukitafute.

Kazi yangu inaitwa jicho la binadamu.
Nina sekunde arobaini kwa kila faili;
nikizidisha, saa ndogo pembeni inaiva wekundu.
Jicho, sawa. Hawakusema linatakiwa kuona.

Nisiwe mwongo: siililii enzi ya Rennie.
Alikikalia kiti hiki miaka ishirini,
akawaongezea saa waliocheka mizaha yake,
na jina lililomshinda kutamka akalisukuma chini ya rundo.
Mashine haina binamu. Haina Jumatatu.
Haijaniuliza hata siku moja natoka wapi hasa.
Kwa hilo niliipenda, mwezi wa kwanza na wa pili,
kama mtu aipendavyo mizani ya dukani
kabla hajajua nani aliyeyachonga mawe yake.

Lakini kwetu Muheza ukimjulia hali mgonjwa
atasema kwanza, Njema.
Mguu umevimba, njema. Mchele umekwisha, njema.
Kisha atavuta pumzi, atazame pembeni,
aseme: ila.
Hapo mgeni mwenye adabu huweka kikombe chini,
maana habari yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

Nimekitafuta kisanduku cha ila.
Kipo cha umri, cha ngazi, cha bafu,
cha ameanguka mara ngapi tangu Januari.

Mchana nikauacha mkate wangu mezani, nikapanda basi.
Alichukua muda mrefu kufungua, minyororo mitatu.
Hali?
"Si mbaya," akasema. Kumbe nao wana njema yao.
Alivaa soksi moja.
Mguu wa pili hakuweza kuufikia tangu Alhamisi.
Mbona hupigi simu siku hizi?
Akakitazama kiti cha marehemu mumewe, kana kwamba nacho kingejibu.
"Yule binti anayepokea," akasema, "halali, maskini.
Hata saa tisa za usiku ni yeye yule.
Nikaona nimpumzishe."

Sikuthubutu kumwambia binti yule hayupo,
kwamba ni sauti ya kutengenezwa, haina kitanda wala usingizi.
Huruma yake kwa asiyekuwepo
ndiyo iliyohesabiwa kuwa nafuu.
Kimya kingi kina mshindo mkuu, tulifundishwa;
wao walifundisha kitu chao kwamba kimya ni kupona.

Nikarudi, nikabonyeza kijivu.
Chagua sababu, ikaniambia. Zilikuwa saba.
Hakuna iliyosema: nilikwenda.
Nikachagua Mengineyo, herufi mia na ishirini tu,
nikaandika habari ya soksi. Haikutosha.

Mwisho wa mwezi ikaja alama yangu mimi:
mkaguzi anapinga kupita wastani. Pendekezo: mafunzo.
Nani kaamua? nilimuuliza Catriona, mkuu wetu.
Hakukasirika. Aligeuza kioo chake nione:
naye alikuwa na kitufe cha kijani,
na saa ndogo pembeni.

Shauri la Wilma bado linachakatwa.
Jioni mama akapiga. Hujambo, Tunu?
Sijambo, mama. Njema tu.
Akanyamaza.
Kwa mbali, huko Muheza, nikasikia
kikombe kikiwekwa chini.