Mshenga wa Ngamiani

Redio ya baba ilikufa mara mbili:
kwanza betri, kisha yeye.
Nikaifunga kwenye shuka na simu saba za kubofya,
king'amuzi kilichopigwa na radi ya masika,
na kompyuta ya ofisi ya mkonge
yenye kibandiko bado: MALI YA KAMPUNI.

Semkiwa wa vyuma chakavu akatia mzaniani.
"Shaba naichukua. Haya mabamba ya kijani katupe."

Katupe wapi? Dampo vijana wanachoma nyaya,
moshi unakaa kooni kama mgeni asiyeaga.
Mdogo wangu Kibwana alichoma miaka mitatu.
Siku hizi akicheka anakohoa,
kwa hiyo nyumbani tumejizoesha
kumsimulia mambo yasiyochekesha.

Mimi sichomi.
Nyuma ya maabara ya shule, Chumbageni,
barakoa usoni, glavu za kuoshea vyombo,
natia mabamba kwenye tindikali.
Shaba inatoa rangi yake bila kuombwa.
Dhahabu inaringa, haiyeyuki.
Paladiamu ndiyo yenye haya:
chembe, na nusu ya chembe, na karibu si kitu.
Naikalisha juu ya mkaa wa makapi ya mkonge,
makapi yale yale
yaliyonukia utoto wetu wote kule Pongwe.

Shangazi Mwanamkuu akauliza, "Sasa inafanya nini?"

Ni kichocheo, shangazi.
Naweka vitu viwili visivyotazamana,
ndani ya maji matupu,
si vile vimiminika vya kuumiza kichwa,
navyo vinashikana.

"Na chenyewe?"

Chenyewe kinabaki. Nakichuja, nakiosha,
kesho nakituma nyumba nyingine.

Akanyamaza, akikunja ukili.
Yeye amepeleka posa nyumba kumi na nne,
kumi na tatu zikajibiwa;
kila harusi amekula pilau, amepewa kanga,
amerudi peke yake kufungua kufuli.

"Hicho si kichocheo," akasema. "Hicho ni mshenga.
Kiulize kama nacho huchoka."

Huchoka.
Hii ni safari ya tisa na kazi imepungua,
ile ya kwanza ilikuwa ya saa moja,
sasa nangoja mpaka adhana ya alasiri.
Shangazi sijamwambia.

Mabamba yamekwisha. Imebaki redio,
ipo rafuni, mgongo wazi, bisibisi pembeni.
Chembe zimo, najua, za kuamsha kazi upya.
Tindikali iko tayari tangu asubuhi.

Nimetoka kidogo dukani
kununua betri nne.